Kumfundisha daktari kutoa polipi kubwa za utumbo mpana bila kumdhuru mgonjwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na madaktari wanaotaka kujifunza, wauguzi wa vyumba vya endoskopi (kutazama ndani ya mwili kwa mrija wenye kamera), na ndugu wa wagonjwa wanaokaa kwenye benchi la nje wakisubiri kuitwa. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu kwa mdomo, kwa hiyo mengine yana majibu marefu na mengine sentensi chache tu. Hapa nazungumzia utumbo mpana peke yake. Tumbo la juu na mirija ya nyongo ni somo jingine.

Kolonoskopi hii wanayoiita "ya juu" ina tofauti gani na ile ya kawaida?

Kolonoskopi ya kawaida ni kupitisha mrija laini wenye kamera kutoka njia ya haja kubwa hadi mwanzo kabisa wa utumbo mpana, pale kinapoanzia kidole tumbo (kwa mrija, huo ndio mwisho wa utumbo), halafu kurudi nao taratibu huku ukitazama. Ukikuta kidonda unanyofoa kipande kwa ajili ya maabara. Ukikuta polipi ndogo, yaani kinyama kilichoota kwenye utando wa ndani, unaiondoa kwa kitanzi cha waya. Daktari aliyefundishwa vizuri hufanya hayo kila siku.

Kazi ya juu huanza pale polipi inapozidi sentimita mbili na haina shina la kushika, bali imetanda ukutani kama zulia. Hapo njia kuu ni mbili. Ya kwanza madaktari huiita EMR: unachoma sindano chini ya utando, unaingiza maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya bluu, utando unainuka kama lengelenge, kisha unaukata kwa kitanzi chenye umeme, kipande kimoja au vipande kadhaa. Ya pili ni ESD: badala ya kitanzi unatumia kisu kidogo cha umeme kinachopita ndani ya mrija, unaizungushia polipi mkato, halafu unaichuna kutoka chini kama mchinjaji anavyotenganisha ngozi na nyama, mpaka itoke nzima. EMR inaweza kuisha kwa nusu saa. ESD inaweza kuchukua saa tatu. Katika njia zote mbili, chini ya ncha ya waya kuna ukuta wa msuli wenye unene wa milimita chache, na ukipita hapo umeshatoka nje ya utumbo.

Kwa nini kuhangaika na kinyama kisichouma?

Kwa sababu saratani nyingi za utumbo mpana huanzia kwenye polipi za aina ya adenoma, na huchukua miaka kubadilika. Miaka hiyo ndiyo nafasi tuliyopewa. Tangu Hiromi Shinya na William Wolff walipoanza kukata polipi kupitia kolonoskopi huko New York mwaka 1969, bila kupasua tumbo, ilibidi kuthibitishwa kwamba kazi hiyo inaokoa watu kweli. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba waliotolewa adenoma walipata saratani ya utumbo mpana pungufu kwa asilimia 76 hadi 90 ya ilivyotarajiwa. Kundi hilo lilifuatiliwa tena, na mwaka 2012 ikaonekana vifo vya saratani hiyo vilikuwa vimepungua kwa asilimia 53.

Daktari bingwa amesoma miaka mingi. Bado anahitaji mafunzo mengine?

Ndiyo, na waliotufundisha jambo hili kwa uchungu ni Waingereza. Mwaka 1999 walikagua kolonoskopi 9,223 zilizofanywa kwa miezi minne katika vitengo 68. Walitaka kujua tu kazi inafanyikaje katika hospitali za kawaida, siyo zile zenye majina. Majibu yaliwashtua. Kwa hesabu ya kawaida, mrija ulifika mwisho wa utumbo mpana katika asilimia 76.9 ya wagonjwa. Walipohesabu tu wale ambao ushahidi wa kufika ulikuwa wa kuaminika, idadi ikashuka hadi asilimia 56.9. Utumbo ulitoboka kwa mgonjwa mmoja kati ya 769. Na kati ya madaktari waliokuwa wakifanya kazi hiyo, ni asilimia 17 tu waliokuwa wamesimamiwa katika kolonoskopi zao 100 za kwanza.

Hebu rudia hiyo namba ya mwisho. Wengine wote walijifunza sehemu kubwa wakiwa peke yao, kwa miili ya watu. Hawakuwa madaktari wabaya. Walikuwa mabingwa wenye vyeti, waliokabidhiwa mrija na kuambiwa waendelee.

Jambo ninaloliheshimu ni kwamba hawakuificha ripoti ile. Waliitangaza, kisha wakajenga vituo vya mafunzo, wakaweka kozi za lazima, wakaanzisha kozi za kuwafundisha wakufunzi wenyewe, na programu ya uchunguzi wa saratani ya utumbo ilipoanza England mwaka 2006, daktari hakuruhusiwa kuingia mpaka afanye mtihani. Mwaka 2011 walikagua tena, safari hii kolonoskopi 20,085 zilizofanywa ndani ya wiki mbili. Mrija ulifika mwisho kwa asilimia 92.3, na kutoboka kulikuwa kumeshuka hadi asilimia 0.04. Nchi ile ile, utumbo ule ule wa binadamu. Kilichobadilika zaidi ni namna ya kufundisha na kukagua.

Nimemaliza ubingwa na nataka kujifunza EMR. Nianzie wapi?

Anza kwa kufika mwisho wa utumbo kila siku, kwa mgonjwa mnene na mwembamba, aliyewahi kupasuliwa na ambaye hajawahi. Wanafunzi wengi hawalipendi jibu hili. Lakini ukiwa bado unapigana na mrija unaojikunja ndani ya tumbo la mgonjwa, hutaweza kuituliza ncha ya waya mahali panapohitaji utulivu wa milimita mbili. Mrija ulionyooka hukutii. Uliojikunja, unasukuma mbele wenyewe unarudi nyuma, na siku moja utaruka ghafla ukiwa umekanyaga pedali ya umeme.

Ni ngapi zinatosha? Uchambuzi wa rekodi za wanafunzi wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba kwa wastani ilimchukua mwanafunzi kolonoskopi 233 ndipo afike mwisho kwa asilimia 90 ya wagonjwa wake. Kwa hiyo aliyefanya 60 akasema "nimeshaiva", mimi humwomba anionyeshe daftari.

Halafu jifunze kutazama. Mwaka 2006 madaktari wa Rockford, jimbo la Illinois, walijipima wenyewe: waliotumia dakika sita au zaidi kuurudisha mrija walikuta polipi zenye hatari kwa asilimia 28.3 ya wagonjwa, na waliokimbia chini ya dakika sita wakazikuta kwa asilimia 11.8. Mwaka 2014 utafiti wa California ukaongeza kwamba kila asilimia moja daktari anayoongeza katika kugundua adenoma, hatari ya wagonjwa wake kupata saratani baadaye hupungua kwa asilimia tatu. Viwango vyenyewe vya Ulaya na Marekani tusivichukue kama vilivyo, maana huko polipi ni nyingi kuliko kwetu na wanaopimwa ni watu wazima wasio na dalili. Lakini tabia ya kutazama nyuma ya kila kunjo haina nchi.

Baada ya hapo, polipi ndogo chini ya sentimita moja kwa kitanzi kikavu kisicho na umeme. Kisha zenye shina. Kisha EMR ya sentimita moja na nusu upande wa kushoto, mkufunzi akiwa begani kwako. Kubwa bapa za upande wa kulia, ambako ukuta ni mwembamba zaidi, ziwe za mwisho.

Mazoezi kabla ya binadamu hufanyika kwa kitu gani?

Ipo mashine ya kompyuta, simyuleta, yenye mrija wa bandia na picha ya utumbo. Inasaidia sana mwanzoni: vidole vinazoea magurudumu mawili ya kupinda ncha, na jicho linajifunza kutafuta njia. Kwa ESD haitoshi. Hapo hutumika tumbo la nguruwe aliyechinjwa, likafungwa kwenye sanduku na mrija ukapitishwa, au nguruwe aliye hai chini ya usingizi ambaye ana damu na mapigo ya moyo.

Kwa pwani yetu na kwa wanafunzi Waislamu, suala la nguruwe lisemwe wazi mapema, siyo asubuhi ya kozi. Wapo walimu waliotumia utumbo wa ng'ombe, na sisi machinjio hayako mbali. Utumbo mpya wa ng'ombe uliooshwa vizuri, sindano, maji yenye rangi na bamba la kurudishia umeme vinatosha kumfundisha mtu namna lengelenge linavyoinuka, na namna linavyoshuka ukichelewa. Naomba tu lisifanyike kwa mrija uleule unaotumika kwa wagonjwa. Tafuta mrija uliostaafu.

Wajapani ndio mabingwa wa ESD. Kwa nini tusifuate njia yao moja kwa moja?

Kwa sababu njia yao ilitokana na wagonjwa wao. Japani ina saratani nyingi za tumbo, yaani mfuko wa chakula, zinazogunduliwa mapema, na tumbo lina ukuta mnene na nafasi ya kugeuza mrija. Daktari kijana wa Tokyo huanza kwa kumsaidia mwalimu, akishika vifaa kwa miezi mingi, kisha hukata sehemu ya chini ya tumbo, kisha ya juu, na utumbo mpana huja baadaye. Hata bima yao ya taifa ilifuata mpangilio huo: ESD ya tumbo ilikubaliwa mwaka 2006, ya umio 2008, ya utumbo mpana 2012.

Ulaya hawana wagonjwa wa namna hiyo kwa wingi, kwa hiyo ikabidi wabuni ngazi yao. Mwaka 2019 chama cha endoskopi cha Ulaya kilitoa mtaala wa ESD. Mwanafunzi atazame angalau ESD 20 za mtaalamu. Afanye angalau 20 kwa wanyama, na katika 10 za mwisho, nane zitoke nzima bila kutoboa. Za kwanza 10 kwa binadamu asimamiwe. Akishahitimu, afanye angalau 25 kwa mwaka ili mkono usipoe.

Hiyo 25 kwa mwaka ndiyo namba ya kuikalia na kuifikiria. Nitairudia chini.

Mkufunzi afanye nini mwanafunzi anapokuwa ameshika mrija?

Azungumze kidogo na kwa maneno yaliyokubaliwa. Nimeona mkufunzi hodari kabisa wa mikono akimwambia mwanafunzi, "Nenda huko, hapana, siyo huko, huko kwingine," mpaka kijana akaanza kutetemeka. Kabla ya mgonjwa kuingia, wawili hawa wakubaliane maneno: sukuma, vuta, zungusha kulia, zungusha kushoto, ncha juu, ncha chini. Na neno moja lenye mamlaka juu ya yote: simama. Likitamkwa, mwanafunzi hasogezi kidole, na mguu unatoka kwenye pedali. Hakuna kuuliza kwa nini mpaka baadaye.

Waingereza hugawa somo sehemu tatu, nami nimeiona inafaa. Kwanza maandalizi: leo unataka kujifunza nini? Jambo moja tu, kwa mfano kuchoma sindano kwenye tabaka sahihi. Katikati mazungumzo, wakati kazi inaendelea. Mwisho kufunga: mwanafunzi anaanza kusema mwenyewe alichofanya vizuri na alichokosea, mkufunzi anaongeza, na yote yanaandikwa siku hiyohiyo. Fomu zao hazimpi mwanafunzi asilimia. Zinauliza alihitaji kusimamiwa kwa kiasi gani: sana, kiasi, kidogo, au anaweza kuachwa peke yake. Ni swali la kweli zaidi kuliko "amepata ngapi kwa mia".

Jambo jingine ambalo hatulisemi vya kutosha: mkufunzi akubaliane mapema na mwanafunzi lini atachukua mrija. Mkichelewa kufika kwa dakika kadhaa, mgonjwa akilalamika maumivu mara mbili, damu ikiziba picha. Kama sababu zimetajwa kabla, kunyang'anywa mrija hakuwi aibu.

Ni kosa gani kubwa la daktari anayeanza?

Watu hudhani ni kutoboa. Mimi naona ni kukata kisichofaa kukatwa, na kugusagusa kile ambacho mwingine angekitoa vizuri.

Polipi kubwa ina uso wake, na uso huo unasomeka. Osha kwa maji, itazame kwa mwanga mweupe, kisha kwa mwanga maalumu unaoonyesha mishipa, au nyunyizia rangi. Eleza umbo lake kwa mpangilio wa Paris ambao madaktari duniani hutumia: imeinuka, iko bapa, au imebonyea katikati. Iliyobonyea itie shaka. Kama mishipa imekatikakatika na vishimo vya uso vimepotea mpangilio, huenda saratani imeshachimba chini, na mgonjwa huyo anahitaji daktari wa upasuaji. Kisha choma sindano ya maji pembeni. Kama kando zinainuka lakini katikati inabaki imeng'ang'ania chini, jihadhari: tangu mwaka 1994 Wajapani walieleza kwamba hiyo huweza kuwa dalili ya saratani iliyozama.

Huweza, nimesema, kwa sababu ipo sababu nyingine ya kutoinuka: kovu. Na kovu mara nyingi tumelileta sisi. Daktari wa kwanza aliikuta polipi, akanyofoa vipande sita "kwa ajili ya maabara", au akajaribu kuikata akaishia nusu, au akachoma wino wa alama chini yake. Mgonjwa anapofika hospitali ya rufaa wiki nane baadaye, utando umegandamana na msuli, na kazi ambayo ingekuwa ya dakika arobaini inakuwa ya saa tatu, au inakuwa ya upasuaji. Kwa hiyo ukikuta polipi kubwa bapa ambayo huna uwezo nayo, piga picha nzuri, andika ukubwa na mahali, kama unaweka wino uweke mbali nayo sentimita tatu au zaidi, toa mrija, andika rufaa. Umefanya kazi ya kitaalamu kabisa.

Hatari zenyewe ni zipi, na daktari anafundishwaje kuzikabili?

Kubwa ni mbili, kutoboka na kutokwa damu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2015 kwa polipi kubwa unataka kutoboka kuwe chini ya asilimia 2, kutokwa damu baada ya kazi chini ya asilimia 5, na polipi kurudi baada ya mwaka chini ya asilimia 10. ESD ya utumbo mpana hutoboa zaidi ya EMR, hata mikononi mwa wazoefu.

Kutoboka kunatibika vizuri kukionekana palepale. Ndiyo maana kila baada ya mkato mwanafunzi hufundishwa kusimama na kusoma jeraha. Likiwa la bluu sare lenye nyuzi nyuzi, uko kwenye tabaka sahihi. Ukiona duara jeupe la msuli, geuza na kile kipande ulichokata: upande wa chini kikiwa na pete nyeupe kama shabaha, umekata msuli. Funga kwa klipu sasa hivi, usimalize kwanza. Mpigie daktari wa upasuaji akiwa bado anaweza kuja kwa miguu yake, siyo usiku wa manane. Mgonjwa asile, apewe antibayotiki, alazwe. Na tumia gesi ya kaboni dioksaidi badala ya hewa ya kawaida, kwa sababu mwili huifyonza haraka na tumbo halibaki limejaa.

Damu ni mwenzako wa kila siku, hivyo ijue. Inayochuruzika wakati wa kazi huzimwa kwa ncha ya kitanzi, kibanio cha umeme au klipu. Inayotisha ni ile ya baadaye, inayoweza kuja hadi wiki mbili. Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mgonjwa aliyetoka Kigoma kuja Dar es Salaam hafai kupanda basi kesho yake asubuhi akiwa na jeraha la sentimita nne ndani. Akae kwa ndugu karibu na hospitali, awe na namba ya simu inayopokelewa, na yule ndugu aambiwe wazi: haja yenye damu nyingi, maumivu yanayozidi, homa, rudini bila kusubiri.

Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli, wapangiwe mapema pamoja na daktari wa moyo. Asiachishwe mtu dawa kwa uamuzi wa upande mmoja.

Kuhusu polipi kurudi kuna habari njema. Mwaka 2019 kundi la Australia lilionyesha kwamba ukichoma taratibu kingo zote za jeraha kwa ncha ya kitanzi baada ya EMR, kurudi hushuka kutoka asilimia 21 hadi 5.2. Haihitaji kifaa kipya. Inahitaji dakika chache na mtu aliyefundishwa.

Nimesikia utumbo unaweza kulipuka. Ni kweli?

Ni nadra sana, lakini ni kweli. Bakteria wa utumboni hutengeneza hidrojeni na methani, na cheche ya umeme ikikuta gesi hizo zimejaa, hulipuka. Mwaka 1979 liliripotiwa tukio la kifo kwa mgonjwa aliyesafishwa tumbo kwa manitoli, sukari ambayo bakteria huichachusha. Kwa hiyo manitoli isitumike pale umeme unapotarajiwa, na utumbo usiosafishika vizuri usikatwe kwa umeme. Mwambie mgonjwa arudi siku nyingine, hata kama amefunga tangu jana na umechukia kumwambia.

Muuguzi naye anafundishwa?

Lazima. Muuguzi ndiye anayefunga kitanzi, na kasi ya mkono wake ni sehemu ya mkato. Ndiye anayetazama oksijeni na kupumua wakati macho ya daktari yako kwenye skrini, na ndiye anayegundua kwamba dawa ya usingizi imezidi. Ndiye anayeosha mrija kwa hatua zote, maana mrija uliooshwa haraka hubeba maambukizi kwa mgonjwa anayefuata. Ukipeleka daktari peke yake kwenye mafunzo nje, umepeleka nusu ya timu. Na neno "simama" nililolitaja, muuguzi naye awe na ruhusa ya kulitamka.

Kwa Afrika Mashariki, tuanzishe ESD sasa?

Nasema maoni yangu. Hapana, si kila mahali. Rudi kwenye ile namba: 25 kwa mwaka kwa daktari mmoja. Wagonjwa wetu wengi wa saratani ya utumbo huja wamechelewa, uvimbe umeshaziba njia, na hakuna cha kuchuna. Hospitali sita zikigombania polipi chache, hakuna mkono hata mmoja utakaoiva, na watakaolipa ni wagonjwa wa kila hospitali. Afadhali kituo kimoja au viwili kwa nchi vipokee rufaa zote, na mabingwa wa mikoani wajue kutambua, kupiga picha na kupeleka.

Kuna kazi nyingine ya utumbo inayookoa watu wetu wiki hii: msokoto wa utumbo sehemu ya sigmoidi, yaani kipande cha chini cha utumbo mpana kilichojikunja, ambao kwetu huonekana mara nyingi. Daktari anayeweza kupitisha mrija taratibu hadi kwenye kile kikunjo, akaufungua msokoto, akaacha bomba la kutolea gesi, humfanya mgonjwa apasuliwe kwa mpango badala ya dharura. Nayo kazi hiyo ina somo lake la kusimama: ukikuta utando umekuwa mweusi au zambarau, usiendelee, mpeleke chumba cha upasuaji. Ningependa kila daktari wa upasuaji anayehitimu kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa kanda yetu chenye makao yake Arusha, ajue hilo kabla hajasikia neno ESD.

Kwa mafunzo ya karibu, shirika la kimataifa la gastroenterolojia, WGO, lina vituo barani, kama Soweto, Cairo na Rabat. Na Bomet, Kenya, hospitali ya Tenwek imejenga huduma ya endoskopi kutokana na saratani ya umio iliyo nyingi kule: walianza na ugonjwa walio nao, wakakuza ujuzi hapohapo.

Wageni wakija kutufundisha kwa siku tatu, inatosha?

Inaamsha hamu. Haimpi mtu ujuzi. Kinachonisumbua ni siku ya nne, mgeni yuko uwanja wa ndege na daktari ana orodha ya wagonjwa walioambiwa waje. Mgeni anayefaa ni yule anayerudi kwa watu walewale mara nyingi, anayekubali kutumiwa video usiku na kujibu, na anayekuja kufundisha wakufunzi. Mwombeni pia aangalie kabati la vifaa kabla ya kuanza. Daktari akifundishwa kwa klipu ambazo hospitali yake haiwezi kununua, amefundishwa kutoboa bila kufundishwa kuziba.

Niandike nini kwenye daftari langu la kazi?

Kila kolonoskopi: ulifika wapi, usafi wa utumbo kwa alama za Boston kuanzia 0 hadi 9, muda wa kurudi, ulichokuta, aliyekusimamia na alipochukua mrija. Kila polipi kubwa: picha kabla na baada, njia, jibu la maabara, na simu kwa mgonjwa siku ya 14. Usiruke ile simu. Wanaotokwa damu nyumbani huenda hospitali nyingine, nawe ukabaki unaamini rekodi yako ni safi.

Mgonjwa akiniuliza, "Daktari, wewe umeshafanya ngapi?" nijibuje?

Mwambie namba. Kama hii ni ya saba, sema ya saba. Mwambie nani atasimama pembeni yako na yeye amefanya ngapi, mwambie kwamba anaweza kumchagua huyo aishike kazi yote, na kwamba akikataa mwanafunzi hatarudishwa nyuma kwenye foleni. Mweleze kwa Kiswahili, akiwa amevaa nguo zake, kabla ya sindano ya usingizi, na ndugu yake awepo kama anataka. Bibi mmoja alisikiliza maelezo hayo yote, akamgeukia mkufunzi, akasema, "Basi wewe usitoke humo ndani." Akatia sahihi. Mkufunzi hakutoka.